Glenys Pascoe na Choo cha Karavani

Mimi ndiye ninayeangalia kambi ya wasafiri ya Hesketh, na kabla sijasema lolote juu ya Glenys, niseme wazi kwamba wasafiri wananitia kinyaa. Si wote, lakini wengi. Wanaingia kila majira ya baridi wakikimbia baridi ya kusini na kufuata jua la kaskazini, wazee kwa wazee, mume na mke, kila gari likikokota karavani yake nyeupe. Wamestaafu, wameuza nyumba, hawana wanachokimbilia. Wanaegesha, wanakunjua viti, wanavuta pumzi na kusema, "Hapa ndipo penyewe," halafu wanaanza kunichafulia.

Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Nyuma ya bafu za kambi kuna shimo la zege lenye mfuniko, na kila mwanaume anakuja hapo akiburuta dumu la choo cha karavani yake, limejaa, linachezacheza kwa ndani. Wanapanga foleni na kupiga soga. Wanaulizana hali ya barabara na bei ya dizeli huku maji ya buluu ya dawa ya choo yaliyochanganyika na mikojo yao yanabubujika shimoni na kuwarukia viatu. Kisha wapo wale ambao uvivu umewazidi, hawataki kuvuta mpira wa kuoshea, wanakwenda kusuuza dumu kwenye bomba la maji ya kunywa. Nimeweka kibao. Nimeandika kwa herufi kubwa na kuchora fuvu la kichwa. Mtu anasimama chini ya fuvu anasuuza, tena anapiga mluzi.

Neville Pascoe alikuwa mmoja wa hao. Nilimjua kwa bomba kabla sijamjua kwa jina.

Mkewe nilimjua kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono mikubwa, maneno machache, na nilimkuta anakunja nguo za watu asiowajua, waliosahau kwamba mashine imeshamaliza. "Zitakunjamana," aliniambia, kana kwamba nimemkamata anaiba. Huyo ndiye Glenys. Alizaliwa Port Pirie, baba yake akifanya kazi kwenye tanuri la kuyeyushia madini ya risasi, na alipoacha shule aliingia kwenye dobi la hospitali. Alikaa humo mpaka alipostaafu. Alifua mashuka ya wagonjwa maisha yake yote, na yale yaliyokuwa kwenye mashuka hayo hayakumtisha. Aliyaita kazi.

Neville aliuza vipuri vya magari, nyuma ya kaunta safi, akinawa mikono kila alipogusa noti. Si mtu mkorofi. Hajawahi kumwinulia mke mkono, hanywi kupita kiasi, anakumbuka siku za kuzaliwa za wajukuu. Ila hawezi uchafu. Hivyo ndivyo anavyojisifia, "Mimi uchafu siuwezi," na watu wanamwonea huruma kama vile ana pumu. Mama yake alipopooza walimweka chumba cha nyuma, na Glenys ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimwosha na kumbadilisha nepi, kabla ya kwenda dobini na baada ya kurudi. Neville alikuwa anasimama mlangoni, leso puani, anauliza, "Mama, unaendeleaje?" kisha anakwenda kukata majani ya uani. Glenys alinisimulia haya akicheka. Mimi sikucheka. Mwanaume mzima anambania pua mama aliyemzaa!

Mama huyo alipozikwa, Neville alisema sasa ni zamu yao kufaidi. Glenys alikuwa na kuku na milimau miwili, alitaka wazunguke kidogo kisha warudi. Neville alitaka kuzunguka nchi nzima, taratibu. Alipenda sana neno hilo, taratibu. Nyumba ikauzwa, kuku wakapewa jirani, na wao wakaondoka na karavani ndogo ya zamani ambayo Neville aliichagua kwa sababu ni nyepesi na haili mafuta. Kweli alikwenda taratibu, malori yenye matrela matatu yakimpigia honi nyuma yake kuanzia Ceduna mpaka Broken Hill.

Sasa, karavani hiyo ina choo. Kichoo cha plastiki ndani ya kikabati chenye mlango wa kukunja. Na kuna sheria utakayoikuta karibu kila karavani ya nchi hii: ndogo ruksa, kubwa marufuku. Ukibanwa na haja kubwa, tembea mpaka kwenye vyoo vya kambi, au ngoja mpaka mji unaofuata, au chukua sepetu ukajitafutie porini. Sheria inatungwa na wanaume, kwa sababu wao ndio wanaomwaga dumu. Kazi za nje ni za mume na kazi za ndani ni za mke. Ndivyo walivyogawana, na wanaambiana kwa fahari kama watu waliogundua kitu. Neville alikuwa amebandika hata stika mlangoni mwa kichoo, kichekesho alichokinunua njiani, chenye picha ya mtu aliyejikunja kwa kubanwa. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.

Kwa mwenye tumbo zima sheria hiyo ni usumbufu tu. Glenys hakuwa na tumbo zima. Lilimkaba bila taarifa, na likimkaba halisubiri. Basi siku za safari hakula asubuhi. Alikunywa chai nusu kikombe, akakaa kwenye kiti cha mbele na mikono juu ya tumbo, akihesabu nguzo. Alivijua vyoo vya barabarani vyote: kipi kina karatasi, kipi mlango haufungi, kipi nzi wanakungojea shimoni wakupande kwa chini. Aliniambia kuna kimoja baada ya Yunta ambacho aliingia akatapika kabla hajakaa, akatoka akaenda nyuma ya kichaka, watu wakipita barabarani. Aliniambia hivyo akiwa anapiga pasi shati la Neville.

Na Neville alikuwa anamwita Bibi Breki.

"Tungefika jana," aliwaambia watu, "lakini tunakwenda kwa mwendo wa Bibi Breki. Mnanielewa? Kila kichaka lazima tukisalimie!"

Watu walikufa kwa kicheko. Glenys naye alitabasamu na kupitisha sahani ya biskuti.

Hii ilikuwa kwenye saa ya kinywaji. Jua likianza kulegea, kila mtu katika kambi anabeba kiti chake na bia yake, na wanawake wanaleta sahani: jibini, biskuti, vitu vya kuchovyea. Wanakaa duara kuzunguka pipa la moto, nao wanaongea. Ungedhani watu waliovuka jangwa wana ya kusimulia. Wanaongea juu ya vyoo. Nani alimwagikiwa na dumu, nani aliziba bomba, mke wa nani alivunja sheria akashikwa. Wanaweza kuliongea hilo huku wanatafuna, kwa sababu ni utani. Likiwa si utani, mtu anaumwa kweli, hapo ndipo ghafla wote ni watu wa heshima.

Majira ya baridi ya tatu waliyokuja Hesketh, nilimkuta Glenys mahali pale pale, chumba cha kufulia, nami nikashtuka. Suruali ilikuwa imemkaa kiunoni kwa kamba.

"Umepungua, wewe."

"Ndiyo chakula cha barabarani," alisema. "Nauza siri yake, unataka?"

Alikuwa anafua chupi zake peke yake, kwenye beseni, kwa maji baridi. Mtu aliyefanya kazi dobini anajua kinachofuliwa kwa maji baridi. Nami najua. Nilikaa juu ya mashine nikamngoja.

"Thelma," alisema baadaye, bila kunitazama. "Wewe huwa unaona damu?"

"Damu gani tena, dada yangu? Mimi na wewe tulishaagana na mambo hayo zamani."

"Si hiyo."

"Ya wapi basi?"

Aliashiria nyuma kwa kidevu, kama anayeonyesha mtu aliyesimama mgongoni pake.

Nilimwambia aende kwa daktari. Anakuja hapa mjini kila Jumatano. Alisema akienda, Neville atauliza anakwenda kufanya nini. Nikamwambia, si umwambie! Akacheka kwa namna ambayo sikuipenda.

"Leanne amenitumia kifurushi changu," alisema. Leanne ni binti yao, anakaa Whyalla, na barua zao zote zinafikia kwake. "Kiko posta. Nitafanya kile."

Kifurushi hicho kila mtu wa umri wetu anakijua. Serikali inakutumia nyumbani, upimwe utumbo. Unachukua choo chako kidogo kwa kijiti, unakitia kwenye kichupa, unafunga. Siku nyingine tena, kichupa cha pili. Unaviweka kwenye friji visipate joto, kisha unavituma posta. Maabara wakiona damu, unapigiwa simu. Watu wengi wanakitupa. Cha Neville kilikuja pamoja na cha mkewe, na nilikiokota mwenyewe kwenye pipa la taka, hakijafunguliwa, kimelowa bia.

"Lakini hicho ni cha watu wasioiona damu," nilimwambia. "Wewe unaiona kwa macho yako! Kichupa cha nini?"

"Kichupa hakiniulizi maswali," alisema Glenys.

Nikaelewa alichokipanga, nikamwonea huruma na hasira kwa pamoja. Vichupa vikifika maabara, simu ingepigwa na barua ingefuata. Neville angeambiwa na serikali, kwa barua yenye muhuri, kwamba mke wake ana utumbo na utumbo huo unavuja. Glenys asingelazimika kutamka neno. Mwanamke aliyemwosha mama mkwe mpaka siku ya kufa alikuwa tayari kuhatarisha maisha yake ili asitamke neno "choo" mbele ya mume wake.

Kichupa cha kwanza alikijaza kwenye vyoo vyangu vya kambi, akakibeba chini ya taulo. Shida ikawa friji. Friji ya karavani ni ndogo, kila kitu kinaonekana, na Neville anaifungua mara kwa mara kuangalia bia zake. Glenys alifikiri vizuri, au alidhani amefikiri vizuri. Alichukua kikopo cha ini la kusaga, lile la kupaka kwenye biskuti, akakiosha, akakitia kichupa ndani kikiwa kwenye mifuko yake miwili ya kufunga, akafunika. Neville hali ini. Hawezi hata kulitazama. Katika ndoa yao yote hajawahi kukigusa kikopo cha ini.

Alichosahau ni kwamba Neville ni mkarimu sana kwa vitu asivyovila.

Jioni ile nilikuwa natengeneza taa karibu na duara lao, kwa hiyo niliona kila kitu. Glenys alikuwa ameenda kuoga. Walikuwapo Clive na Maureen, mume na mke kutoka Bendigo, na wengine kadhaa. Jibini iliisha. Maureen akasema biskuti zimebaki kavu.

"Ngojeni!" Neville aliruka. "Mke wangu ana ini la kusaga humo ndani. Mimi siligusi, njooni mlimalize."

Akaingia, akatoka na kikopo, akakifungua huku anatembea, kichwa kakigeuzia pembeni kwa sababu harufu ya ini inamchafua roho. Akakiweka mezani. Clive, ambaye macho yake si mazuri na alikuwa ameshakunywa, akachovya biskuti.

Biskuti ilivunjika kwenye plastiki. Clive akauvuta ule mfuko, akaishusha miwani yake puani, akausogeza kwenye mwanga wa moto, na akaanza kusoma kwa sauti, polepole.

"Glenys... Joy... Pascoe. Tarehe ya kuzaliwa... Tarehe ya kuchukua..." Midomo yake ikaendelea kusoma peke yake. "Jamani. Jamani! Ni mavi!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile kambini. Mmoja alianguka na kiti. Clive alikuwa anajifuta kidole kwenye suruali, kwenye nyasi, kwenye suruali tena, naye anacheka mpaka machozi. "Nusura nile! Neville, nusura unilishe mke wako!"

Neville hakucheka. Uso ulimgeuka rangi ya bilinganya. Aliushika ule mfuko kwa ncha za vidole viwili, mkono umenyooka, akautupa motoni, na kikopo nyuma yake. Plastiki ilitoa moshi mweusi uliowafanya wote wasogeze viti.

"Kwenye friji!" alisema. "Kando ya nyama yangu! Kando ya siagi!"

Akarudi ndani. Tukasikia milango inapigwa. Alitoka amekumbatia kila kilichokuwamo kwenye friji: nyama ya nguruwe, siagi, mayai, nusu ya kuku, maziwa. Vyote akavitia kwenye pipa la taka. Bia hakuzitupa. Bia alizipanga juu ya meza, akachukua kitambaa chenye dawa ya kuua vijidudu, akazifuta moja baada ya nyingine, huku anahema kama aliyeponea ajalini.

Hapo ndipo Glenys alipotokea kutoka bafuni, taulo begani, nywele zimelowa.

"Glenys!" Clive alipaza sauti. "Hilo ini lako limeiva kwelikweli, shemeji!"

Wakacheka tena. Alitazama meza. Alitazama pipa la moto. Nilimwona anaelewa, hatua kwa hatua, na sitaki kuuona tena uso wa mtu mzima ukifanya vile.

"Kiko wapi?" alimwuliza mumewe.

"Nimekichoma. Unataka kutuua? Watu wanakula hapa!"

"Kilikuwa kimefungwa, Neville. Mara mbili."

"Mambo ya chooni hayazungumzwi mezani! Nimekwambia mara ngapi?"

"Kilikuwa cha kwanza tu. Vinatakiwa viwili."

"Glenys!" Aliziba masikio. Nakuambia kweli, aliziba masikio kwa viganja, mzee wa umri ule, mbele za watu.

Nilisogea. "Neville," nilisema, "ungejua ulichokichoma."

"Nakijua sana, dada," alisema. "Nimeiona rangi yake."

Duara likapasuka tena kwa kicheko, na Neville, kwa mara ya kwanza jioni ile, akatabasamu. Alikuwa amerudi kuwa mtu wa utani, mambo yamekuwa salama. Glenys alinitazama kwa jicho la kuniomba ninyamaze. Nikanyamaza kwa ajili yake, na mate yaliyonijaa mdomoni nikayatema pale pale kwenye nyasi zangu. Kisha yeye akainama, akaanza kukusanya sahani. Alichukua hata ile biskuti iliyovunjika ya Clive na kukung'uta vipande. Kati ya yote niliyoyaona siku hiyo, mavi hayakunitia kinyaa hata kidogo. Kilichonitia kinyaa ni zile sahani.

Maureen peke yake aliacha kucheka. Alikunja kiti chake akaenda kulala mapema, wala hakumuaga mumewe.

Jumatano ilipofika, nilimkuta Glenys nje ya vyoo ameshika kichupa kilichobaki. Aliniuliza kama nadhani kimoja kitatosha, wakati mwingine labda wanakubali kimoja. Nilimnyang'anya. Nikamwingiza kwenye pikapu yangu, nikawasha.

Neville alitokeza kichwa dirishani mwa karavani. "Mnakwenda wapi?"

"Tunakwenda kununua ini," nilimjibu.

Daktari anayekuja Hesketh ni mwanamke mdogo wa miaka, Daktari Senanayake, na simu yake inalia muda wote. Alimpima Glenys kwa mikono nyuma ya pazia. Alipotoka aliizima simu. Kisha akaiwasha tena yeye mwenyewe, akapiga hospitali ya Port Augusta tukiwa tumekaa pale pale, na hakuwapa nafasi ya kumpa tarehe ya mbali. Nilimpeleka mimi kwa gari. Walimwingiza kamera, wakakata kipande, wakampiga na picha za kifua na tumbo. Neville aliambiwa ni vipimo vya wanawake. Glenys alichagua maneno hayo kwa makusudi. Ukisema mambo ya wanawake, Neville anaondoka chumbani. Siku hiyo alishinda na Clive wakicheza mchezo wa kurusha viatu vya chuma vya farasi kwenye kigingi, na tuliporudi alituuliza kama tumepita duka la nyama.

Majibu yalipokuja, daktari alitaka na mume awepo.

Neville alikuja amepiga pasi shati, yaani amepigiwa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti ili asiguse sana. Glenys aliniambia niingie na mimi, nimshikie mkoba, na mkoba ulikuwa mtupu isipokuwa leso na peremende za koo. Ukutani palikuwa na picha ya utumbo wa binadamu, wa rangi, mkubwa kama mlango. Neville aliutazama mara moja, akageukia dirisha.

Daktari hakuzunguka. Alisema kuna uvimbe kwenye utumbo mkubwa, karibu na mwisho wake. Alisema ni saratani. Alisema imekaa muda mrefu, imeshatoka kwenye utumbo na kwenda kwingine, kwa hiyo watakata wanachoweza, kisha watatoa dawa, kisha wataona. Hakusema watamponya. Nilisubiri aseme, hakusema.

"Baada ya upasuaji utakuwa na mfuko hapa," aliongeza, akionyesha ubavuni mwake mwenyewe. "Wauguzi watawafundisha wote wawili kuubadilisha."

"Mfuko," alisema Neville. "Mfuko wa nini?"

"Wa choo."

Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, ukatoa leso, ukaipeleka puani. Kile chumba kilikuwa kinanuka sabuni tu. Sidhani kama alijua anachokifanya. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kando yake na niliona, na Glenys naye aliona, na nilitamani nimnyang'anye leso ile nimsokomeze nayo kooni.

Daktari alivuta kalamu. "Bi Pascoe, nahitaji kujua. Damu uliiona lini mara ya kwanza?"

Glenys alifikiri, si kwa sababu alisahau. "Mwaka juzi," alisema. "Tulikuwa Coober Pedy."

Leso ilishuka. Neville alimgeukia mke wake, na naungama kwamba macho yake yalikuwa yamejaa machozi, machozi ya kweli. Kwa sekunde ile nilikaribia kumsamehe.

"Mwaka juzi? Glenys! Tunakula pamoja, tunalala kitanda kimoja, hatujaachana hata usiku mmoja. Mbona hukuniambia?"

"Ulisema mambo ya chooni yasizungumzwe mezani."

"Mezani, ndiyo! Lakini mama, kuna mahali pengine—"

"Pako wapi?" alisema Glenys. Hakukasirika; aliuliza tu, kwa ile sauti yake ya polepole. "Tumekaa kwenye karavani, Neville. Tukiamka tunakunywa chai kwenye meza. Ukisoma ramani ni kwenye meza. Usiku tunaishusha ile ile meza, tunatandika godoro juu yake, tunalala. Ningekuambia wapi?"